Dume Mwekundu, Jike wa Kahawia: Somo Kutoka Miamba ya Mwanza



Karibuni tena katika mfululizo wetu wa kusoma uumbaji pamoja na Maandiko Matakatifu. Leo nimemchagua mnyama ambaye wengi wetu tulimrushia mawe utotoni kabla hatujamtazama vizuri: mjusi. Simzungumzii yule mdogo wa ukutani anayevizia wadudu karibu na taa. Namzungumzia yule mkubwa wa kwenye mawe, kichwa chekundu, mwili wa bluu, anayetikisa kichwa juu chini kana kwamba anakubaliana na kila unachosema. Aliyeishi Mwanza anamjua. Yupo Capri Point, yupo Malimbe, yupo kwenye majabali ya Serengeti, na huko mbele anavuka hadi Maasai Mara upande wa Kenya. Rwanda pia yupo. Jina lake la kisayansi limebeba jina la Mwanza, Agama mwanzae, na alipewa na Arthur Loveridge mwaka 1923.

Somo la leo linahusu tofauti za mwili kati ya dume na jike wa mjusi huyo. Nimelileta kwa sababu ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye semina ya vijana ataitambua. Tukianza tu kuzungumza habari za mwanaume na mwanamke, uchumba na ndoa, lazima mmoja anyooshe mkono aseme, "Lakini jamani, hata wanyama..." Baada ya hapo anatuletea jogoo na mitetea yake, au beberu, au simba. Basi leo tumtazame mnyama mmoja kwa makini, tuone kama kweli anasema yale tunayomsemesha.

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 1:24-31 na 2:18-24, Mithali 30:24-28, Mathayo 19:3-9. Usiruke hapo. Fungua Biblia, soma, kisha urudi.

Umesoma? Katika Mithali umeona viumbe wanne wadogo wanaosifiwa kwa akili: chungu, wibari, nzige na mjusi. Wibari ndio hawa tunaowaita pimbi. Kwenye miamba ya kwetu utawakuta pimbi na mjusi wakiota jua jirani kwa jirani, kwa hiyo wawili kati ya wanne wa Mithali tunaishi nao mtaa mmoja. Tena kuna jambo la kuchekesha. Baadhi ya tafsiri za zamani, ikiwemo ile ya Kiingereza ya mwaka 1611, ziliandika buibui pale ambapo sisi tunasoma mjusi. Na huyu mjusi wetu, kwa nyekundu na bluu yake, watu wamembatiza Spider-Man, yaani mtu-buibui!

TUWATAZAME WENYEWE

Dume aliyekomaa huwezi kumkosa. Kichwa, shingo na mabega ni vyekundu, wakati mwingine vinaelekea zambarau au waridi. Kuanzia hapo kurudi nyuma ni bluu iliyokolea. Mwili wake ni mkubwa kuliko wa jike, kichwa ni kipana zaidi, na mzizi wa mkia umenenepa. Ukimgeuza (usimgeuze, nakuambia tu), madume wa jamii hii wana safu ya magamba yenye kitu kama nta, mbele kidogo ya tundu la haja.

Jike ni wa kahawia. Ana madoa na mistari iliyofifia, rangi ileile ya jiwe alilolalia. Hata wataalamu hupata shida kumtofautisha na majike wa aina nyingine za jamii yake. Unaweza kupita hatua mbili kutoka alipo usimwone, huku dume wake umemwona tangu barabarani.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Ile nyekundu haimkai dume muda wote. Usiku na asubuhi ya baridi anafifia, anakuwa wa kahawia-kahawia kama jike. Jua likipanda na jiwe likipata moto, rangi inarudi. Akipata hofu, inafifia. Akipigwa na dume mwenzake, inafifia pia. Madume wachanga nao wanafanana na majike mpaka wakue. Kwa kawaida eneo moja lina bwana mmoja. Yeye ndiye anakaa juu ya jiwe refu kuliko yote, anapiga zile pushapu zake ili aonekane, na majike kadhaa wanaishi ndani ya mipaka yake. Akitokea dume mgeni, wanatishana kwa kutikisa vichwa, wakishindwa kuelewana wanachapana kwa mikia.

Kwa hiyo rangi ile ni tangazo. Inasema: hapa pana mwenyewe. Na tangazo lina gharama, kwa sababu mwewe naye ana macho. Dume anayeng'aa juu ya jiwe anaonekana na jike, anaonekana na mpinzani, anaonekana pia na yule anayetaka kumla. Jike, ambaye ndiye atakayebeba mayai, amepewa vazi la kumficha.

Hapa nataka uangalie jinsi tunavyozungumza. Tukiwaona hawa wawili tunasema dume ni mzuri, jike ni wa kawaida. Nani ametuambia? Hayo ni macho yetu tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 339, inafundisha kwamba kila kiumbe kina wema wake na ukamilifu wake. Ukahawia wa jike haumaanishi kwamba nyekundu ilikwisha kabla ya kumfikia. Una kazi yake, na pasipo kazi hiyo hakungekuwa na dume mwekundu wa kupigwa picha.

JOTO LA UDONGO

Mjusi huyu ana ndugu wa Afrika Magharibi, Agama agama, ambaye amechunguzwa zaidi. Jike wa huko huchimba shimo kwenye udongo wenye unyevu mahali panapopata jua, anataga mayai yapatayo matano hadi saba, anayafukia vizuri, anaondoka. Mwaka 1966, kule Dakar nchini Senegal, mtafiti Madeleine Charnier alichapisha matokeo ya kuyaatamisha mayai hayo katika viwango tofauti vya joto. Kwenye nyuzi 26 hadi 27 za Selsiasi karibu wote walitoka majike. Kwenye nyuzi 29 walitoka madume. Tofauti ya nyuzi mbili au tatu tu! Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa sayansi kuonyesha kwamba joto linaweza kuamua jinsia ya mnyama wa jamii ya mijusi na kobe, na ugunduzi huo ulifanyika Afrika.

Najua wapo watakaoshtuka hapa. "Kama joto la udongo ndilo linaamua, Mungu yuko wapi?" Kanisa lina jibu la siku nyingi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba Mungu hutenda kupitia visababishi alivyoviumba mwenyewe, na Katekisimu inarudia jambo hilo katika namba 308. Mvua inaotesha mahindi, na bado tunamshukuru Mungu kwa mahindi. Kijana Mkatoliki hana sababu ya kukimbia maabara.

Ila tusichanganye mambo. Binadamu hatuko hivyo. Kwetu sisi jinsia ya mtoto hupatikana tangu mimba inapotungwa, na mbegu ya baba ndiyo inayoleta ama kromosomu ya X ama ya Y. Nalisema hili kwa makusudi, maana bado kuna akina mama katika jumuiya zetu wanasimangwa na mawifi, wengine wanafukuzwa, eti wanazaa wasichana tupu. Kibaiolojia, hilo si lake kabisa. Na hata lingekuwa lake, binti si hasara ya kumlaumia mtu.

"LAKINI HATA WANYAMA..."

Turudi kwa yule ndugu yetu aliyenyoosha mkono. Hoja yake ni kwamba mwanaume ameumbwa kutawala na kuwa na wanawake wengi, ushahidi ni wanyama. Na mjusi wetu anaonekana kumpa ushindi: bwana mmoja, majike kadhaa, jiwe lake. Nimewahi kuisikia hoja hii ikitolewa na kijana msomi kabisa, mwenye pete ya uchumba kidoleni, na wasichana waliokuwa kwenye kikao walinyamaza. Kile kimya ndicho kilichonifanya niandike.

Angalia Mwanzo sura ya kwanza. Samaki wanaumbwa, ndege wanaumbwa, wanyama watambaao (mjusi wetu akiwemo) wanaumbwa, na kila mara mwandishi anasema wameumbwa kwa aina zao. Hakuna mahali katika sura hiyo anapotaja dume na jike kwa wanyama. Alikuwa hajui? Alikuwa mtu wa jamii ya wafugaji, alijua vizuri sana, na katika habari za gharika, sura ya 6 na ya 7, wanyama wanaingia safinani dume na jike. Lakini katika sura ya kwanza habari ya mume na mke inakuja mara moja tu, aya ya 27, na imewekwa ubavuni mwa sura na mfano wa Mungu. Kwa mjusi, tofauti ya dume na jike ni ya kuzaliana na kulinda eneo, basi. Kwa mwanaume na mwanamke Biblia inaipandisha hadi mahali ambapo mjusi hafiki: wote wawili, kila mmoja, ni sura ya Mungu. Katekisimu namba 369 inaeleza kwamba wamependwa na Mungu wawe hivyo, sawa kabisa kama nafsi, na kila mmoja katika kuwa kwake mwanaume au mwanamke.

Kisha nenda sura ya pili. Mungu anamletea Adamu wanyama wote awape majina. Adamu anawatazama mmoja mmoja. Matokeo? Hakupata wa kufanana naye. Kaka yangu, ile safari ya kwenda kwa wanyama kutafuta mfano wa namna ya kuishi na mke ilishafanyika. Adamu aliimaliza, akarudi mikono mitupu. Mjusi alikuwa kwenye foleni ile.

Na Bwana wetu je? Katika Mathayo 19 Mafarisayo wanamuuliza juu ya talaka, na wana sheria ya Musa mkononi. Yesu anawarudisha nyuma ya Musa, mpaka "mwanzo". Anachukua Mwanzo 1 na Mwanzo 2 anaziunganisha: mume na mke, wawili, mwili mmoja. Mtakatifu Yohane Paulo II alianzia kwenye mazungumzo hayohayo tarehe 5 Septemba 1979, alipofungua katekesi zake za Jumatano zilizoendelea hadi Novemba 1984, ambazo leo tunaziita Teolojia ya Mwili. Mwili wa mjusi unatangaza: hili eneo ni langu. Mwili wa binadamu, alifundisha Papa, umeumbwa uweze kusema kitu kingine, yaani: najitoa kwako. Ndiyo maana Kanisa linasema mitala inapingana na ndoa (KKK 1645 na 2387). Mwanaume hawezi kujitoa mzima kwa watu watatu. Anaweza tu kujigawa vipande, na wale watatu kila mmoja atabaki na kipande.

Mjusi hana kosa lolote. Hajaweka nadhiri mbele ya altare, na anamtukuza Mungu kwa kuwa mjusi.

KIJANA ASIYE NA JIWE

Kwa maoni yangu, hata hivyo, jeraha kubwa zaidi la vijana wa kiume leo haliko kwenye mitala. Liko kwenye ile rangi inayofifia.

Kumbuka: dume asiye na jiwe hafiki kwenye wekundu wa bwana wa eneo. Akinyang'anywa jiwe, anafifia. Sasa sikiliza lugha ya mtaani. "Mwanaume hela." "Huna gari, utaoa nini?" Kijana ana diploma, ana miaka 28, anaendesha bodaboda ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu. Mahari imetajwa, haiwezi. Anaanza kukwepa jumuiya, anaacha kwaya, hapokei simu ya mchumba wake. Ukimuuliza anakwambia yuko bize. Hayuko bize. Ameamini kwamba bila jiwe yeye si mwanaume. Mwingine anayatafuta yale mekundu kwa njia ya mkato: mikeka ya kubeti, mikopo ya mtandaoni anunue simu kubwa, au anatafuta mtu aliye mnyonge kuliko yeye ampige, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke.

Nataka umtazame Yosefu wa Nazareti. Katika Injili zote nne hakuna hata neno moja lililonukuliwa kutoka kinywani mwake. Siku ya kumtolea Mtoto hekaluni, Luka 2:24 anataja sadaka ya ndege wawili. Ukisoma Walawi 12:8 utajua maana yake: ndiyo sadaka ya wale wasioweza kununua mwanakondoo. Baba mlishi wa Mwana wa Mungu alisimama hekaluni mbele za watu na sadaka ya maskini. Kisha akaamka usiku, akawachukua Mama na Mtoto, akaenda nao Misri, nchi ya ugeni, ambako hakuwa na karakana wala jina. Papa Fransisko alipoandika barua yake Patris Corde, tarehe 8 Desemba 2020, alimwita baba aliye kivulini. Uanaume wa Yosefu haukupanda wala kushuka kwa kipato cha mwezi. Ulikuwa katika kuamka usiku ule.

Simaanishi kwamba hela haina maana. Familia inakula, na kijana atafute kazi kwa bidii zote. Wazazi nao, wale wanaopandisha mahari kama wanauza kiwanja, wakumbushwe kwamba wanasaidia kuwasukuma watoto wao kuishi pamoja bila sakramenti. Hilo nitaliandikia siku yake.

KWA DADA ZETU

Nitasema kwa kifupi, maana mada hii inahitaji makala yake. Kwa mijusi anayejipamba ni dume. Kwetu mambo yamegeuzwa: binti ndiye anaambiwa kwamba asipong'aa hataonekana, na kahawia yake ni tatizo la kutatuliwa. Ndipo unakuja mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania kwa sababu vinadhuru. Zebaki inaharibu figo. Bado vinauzwa kwa kificho, na wanaonunua wapo pia kati yetu tunaokwenda kukomunika. Dada, jipendeze, suka, vaa vizuri, hakuna dhambi hapo. Ila Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese (1 Samweli 16:7) na kuvutiwa na umbo la mtoto wa kwanza, Mungu alimwambia wazi kwamba Yeye hatazami huko. Laudato Si', namba 155, inatualika kuupokea mwili wetu kama zawadi ya Mungu, katika uanamke wake au uanaume wake. Na kaka zangu, mnapowapa majina mabinti kwa rangi zao kwenye magrupu ya WhatsApp, mnashiriki kuuza mkorogo.

YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

Ukiwa kiongozi wa vijana parokiani, jaribu maswali haya mkutano ujao, na uwaache wasichana waanze kujibu. Kwa nini mwandishi wa Mwanzo 1 alimwekea binadamu peke yake habari ya mume na mke? Ni maneno gani ya mtaani kwetu yanayompima mwanaume kwa "jiwe" lake, na nani huyasema zaidi, wanaume au wanawake? Tunamfahamu kijana aliyepotea kwenye jumuiya kwa sababu ya aibu ya kukosa kazi? Nani atamtembelea kabla ya Jumapili?

Walioko Mwanza wafanye mkutano huo nje, kwenye mawe, wakiwa na Zaburi ya 104. Anzeni mapema, kama saa moja asubuhi, wakati miamba bado ni ya baridi na ni vigumu kusema yupi dume yupi jike. Kaeni kimya kidogo. Kadiri jua linavyopanda mtaanza kuona kichwa kimoja kikikolea.